Mnasihi wa Shule Asiwe Peke Yake: Nafasi ya Chama cha Kitaaluma katika Afya ya Mwanafunzi

Mtoto anayesumbuliwa na jambo zito hawezi daima kulifikisha hospitalini. Huenda hana nauli, hana ruhusa, na mara nyingi hana hata jina la kulipa jambo lenyewe. Lakini shuleni yupo karibu kila siku. Kwa hiyo, nje ya familia yake, mtu mzima wa kwanza anayeweza kumsikia ni mwalimu wa malezi na unasihi, ambaye katika makala haya tutamwita mnasihi wa shule.

Uzito wa yale anayoyasikia mwalimu huyu si mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipitia angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Watoto hao wapo madarasani. Baadhi yao watazungumza, na wakizungumza watamtafuta mtu wanayemwamini.

Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: mnasihi akishasikia, yeye humwendea nani? Makala haya yanaeleza kwa nini jibu la swali hilo, kwa sehemu kubwa, ni chama cha kitaaluma. Chama hicho hufanya kazi gani. Na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la walimu peke yao linawahusu pia wahudumu wa afya, wazazi na wagonjwa.

Mnasihi wa shule na mazingira ya kazi yake

Huduma ya malezi na unasihi si ngeni katika shule za Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha kushughulikia huduma hiyo mwaka 1971. Nchini Tanzania, wizara iliyohusika na elimu ilitoa waraka mwaka 2002 kuhusu utoaji wa huduma za ushauri na unasihi katika shule na vyuo vya ualimu. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Profesa Biswalo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kuhusu ushauri na unasihi katika mazingira ya Kiafrika, ambacho kimetumika kufundishia wanafunzi wa fani hii.

Hata hivyo, katika shule nyingi mnasihi ni mwalimu wa somo kwanza na mnasihi baadaye. Ana vipindi vya Kiswahili au Baiolojia, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu, na juu ya hayo amekabidhiwa jukumu la unasihi kwa sababu mkuu wa shule alimwona kuwa mpole, mtu mzima au mcha Mungu. Sifa hizo ni njema, lakini si mafunzo. Unasihi una mbinu zake za kusikiliza bila kuhukumu, za kuuliza bila kuongoza jibu, za kutambua dalili za sonona au za kutaka kujiua, na za kujua mpaka wa uwezo wako. Kuna walimu waliosomea mbinu hizo kwa kina, na wapo waliozipata katika semina ya siku mbili. Wote wawili hukaa katika chumba kilekile na kusikia mambo yaleyale.

Jambo jingine linalomtofautisha mnasihi na wenzake ni upweke wa kikazi. Mwalimu wa Hisabati akikwama katika mada humwuliza mwalimu mwingine wa Hisabati katika chumba cha walimu. Mnasihi mara nyingi yuko mmoja tu shuleni, na yale yanayomkwamisha ni yale hasa ambayo hapaswi kuyasimulia katika chumba cha walimu.

Baraza, chama cha wafanyakazi na chama cha kitaaluma

Ili tuelewane, inafaa tutofautishe vyombo vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Wahudumu wa afya watautambua mgawanyo huu kwa urahisi, kwa kuwa upo katika fani zao.

Chombo cha kwanza ni cha usimamizi wa kisheria. Kwa wauguzi na wakunga wa Tanzania, kazi hii ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo husajili, hutoa leseni na huweza kumwajibisha mtu kwa utovu wa maadili. Lengo lake kuu ni kuilinda jamii. Chombo cha pili ni chama cha wafanyakazi, kama TUGHE kwa watumishi wengi wa serikali na afya, au Chama cha Walimu Tanzania kwa walimu. Hiki hutetea mshahara, upandishwaji wa madaraja na haki za mwajiriwa. Chombo cha tatu ni chama cha kitaaluma, kama vile Chama cha Madaktari Tanzania na Chama cha Wauguzi Tanzania. Hiki huilea taaluma yenyewe: huwaendeleza wanachama kimasomo, hujadili maadili, huandaa makongamano, hushauri serikali kuhusu sera, na huwapa wanachama wake mahali pa kuulizana.

Mnasihi wa shule anaweza kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama mwalimu na bado akawa hana chama cha kitaaluma kama mnasihi. Chama cha wafanyakazi kitamtetea akinyimwa stahiki yake. Hakikuundwa kumjibu pale anapouliza, "Mtoto huyu ameniomba nisimwambie mtu, je, nimtii?" Swali la namna hiyo linahitaji watu wa fani yake.

Mfano: siri ya mwanafunzi anayeishi na VVU

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni, ambao hata hivyo haupo mbali na maisha ya shule zetu. Msichana wa kidato cha pili, mwanafunzi wa bweni, alizaliwa na virusi vya UKIMWI na anatumia dawa kila siku. Siku moja mwenzake wa bwenini anaukuta mkebe wa dawa sandukuni na kuanza kuuliza maswali. Msichana anaogopa, anaacha kumeza dawa kwa majuma mawili ili asionekane, kisha anakwenda kwa mnasihi na kumweleza yote. Juma hilohilo mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, anaagiza apewe orodha ya wanafunzi wote wenye magonjwa ya kudumu, pamoja na jina la ugonjwa wa kila mmoja.

Mnasihi afanye nini? Mkuu wa shule ni msimamizi wake wa kazi. Lakini akiandika jina la msichana katika orodha ile, karatasi itapita mikononi mwa karani, matroni na walimu wa zamu, na katika muda mfupi bweni zima litajua. Akikataa bila maelezo, ataonekana mkaidi. Akinyamaza na kutofanya lolote, msichana ataendelea kukosa dawa. Virusi vitaongezeka mwilini na vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa anazotumia. Hapa madhara hayangoji mwisho wa muhula.

Mnasihi aliyelelewa na chama cha kitaaluma haanzi na giza. Kwanza, anajua kanuni ya usiri na mipaka yake. Anajua kwamba siri ni ya mwanafunzi, si ya mnasihi wala ya shule; kwamba taarifa hutolewa kwa ridhaa, kwa mtu anayeihitaji ili kusaidia, na kwa kiasi anachohitaji tu. Anajua pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Anapomwendea mkuu wa shule, hasemi "sitaki", anasema, "Kanuni za kazi yangu na sheria za nchi haziniruhusu kutaja ugonjwa, lakini nitahakikisha kila mwanafunzi anayehitaji dawa anazipata salama." Maneno hayo yana nguvu kwa sababu hayatoki kwa mtu mmoja. Nyuma yake kuna taaluma.

Pili, anajua njia za vitendo ambazo wenzake wamekwisha kuzijaribu. Kwa ridhaa ya msichana na mlezi wake, matroni mmoja anaweza kuambiwa kwamba mwanafunzi huyu ana dawa za kila siku za kutunzwa katika kabati lenye kufuli. Hati ya ruhusa ya kutoka shuleni inaweza kuandikwa "miadi ya hospitali" bila kutaja kliniki. Kabla ya kuzihamisha dawa kwenye chombo kingine ili zisitambulike, ni lazima mtoa dawa wa kliniki aulizwe, kwa sababu baadhi ya vidonge huharibika vikitolewa katika mkebe wake wa awali. Na jambo la haraka kuliko yote ni kuwasiliana na kliniki ya tiba na matunzo, ili msichana aonwe, aelezwe namna ya kuanza upya dawa zake, na tarehe za miadi zipangwe zisigongane na mitihani.

Tatu, anaujua upande wa pili wa kanuni hiyo, yaani pale ambapo usiri unafika mwisho. Mwanafunzi akiwa katika hatari ya kujidhuru, akiwa katika hatari ya kumdhuru mwingine, au akiwa anafanyiwa ukatili, mnasihi hawezi kuifungia habari hiyo moyoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116, ni milango iliyo wazi. Mnasihi aliyefunzwa vema humweleza mwanafunzi mipaka hii mwanzoni mwa mazungumzo, si baada ya mtoto kukwisha kusema.

Hakuna hata jambo moja kati ya haya matatu ambalo mwalimu hulijua kwa kuzaliwa. Hufunzwa, hujadiliwa, hujaribiwa na kusahihishwa na wenzake. Kazi hiyo ya kufunzana na kusahihishana ndiyo kiini cha chama cha kitaaluma.

Mwenye kusikiliza naye husikilizwa

Hospitalini, daktari au muuguzi aliyekesha zamu huwa na ripoti ya asubuhi. Huwaeleza wenzake waliolazwa, waliozidiwa na waliofariki. Wenzake huuliza, hushauri, na wakati mwingine hukosoa. Utaratibu huo humlinda mgonjwa, lakini humlinda pia mhudumu, kwa kuwa mzigo wa uamuzi haumwangukii yeye peke yake.

Katika unasihi, utaratibu unaofanana na huo huitwa usimamizi wa kinasihi. Si ukaguzi. Ni kikao cha mara kwa mara ambamo mnasihi hukutana na mwenzake mwenye uzoefu zaidi, wakaangalia pamoja kazi aliyoifanya: alisikia nini, alijibu nini, alihisi nini, na afanye nini baadaye. Jina la mwanafunzi halitajwi, wala maelezo yanayoweza kumtambulisha. Nchini Uingereza, chama cha wanasihi na wataalamu wa tiba ya kisaikolojia, BACP, ambacho mizizi yake ni jukwaa lililoundwa mwaka 1970, humtaka mwanachama wake aliyeidhinishwa apate angalau saa 1 na nusu ya usimamizi wa namna hiyo kila mwezi. Sharti hilo halimhusu anayeanza peke yake. Linamhusu pia aliyefanya kazi kwa miaka 30.

Sababu yake ni ya kitabibu pia. Mtu anayesikiliza habari za ubakaji, vipigo na vifo kila juma huathirika, hata kama mwenyewe hakuguswa. Anaweza kukosa usingizi, kuwa mkali nyumbani, kuwaogopea watoto wake kupita kiasi, au kufa ganzi hadi akamsikiliza mtoto anayelia kana kwamba anasikiliza taarifa ya hali ya hewa. Hatua hii ya mwisho ni ya hatari zaidi kwa mwanafunzi, kwa kuwa mnasihi aliyekufa ganzi haoni dalili. Mahali ambapo hakuna msimamizi wala chama, mnasihi huwa na njia mbili tu: kuyabeba yote hadi yamlemee, au kuyamwaga mahali pasipofaa. Siri nyingi za wanafunzi huvuja si kwa sababu mnasihi ni mbaya, bali kwa sababu amechoka na hana mtu halali wa kumweleza.

Sauti ya wengi hupata takwimu

Faida nyingine ya chama ni sauti. Mnasihi mmoja akisema kwamba wanafunzi wamemzidi, atajibiwa kwamba hata walimu wengine wamezidiwa. Chama kikisema, husema kwa takwimu.

Mfano unaofahamika sana ni wa Chama cha Wanasihi wa Shule cha Marekani, ASCA, kilichoanzishwa mwaka 1952. Chama hiki kinapendekeza mnasihi mmoja ahudumie wanafunzi wasiozidi 250. Pendekezo tu lisingetosha. Hivyo chama huchapisha uwiano halisi wa kila jimbo, mwaka hadi mwaka, ili mzazi, mwandishi wa habari au mbunge wa jimbo aweze kuona jimbo lake limesimama wapi. Katika mwaka wa masomo wa 1986–1987 wastani wa nchi ulikuwa wanafunzi 588 kwa mnasihi mmoja. Katika mwaka wa 2022–2023 wastani ulikuwa 385. Haitakuwa haki kusema kwamba chama peke yake ndicho kilicholeta badiliko hilo, kwa kuwa bajeti, sheria na mambo mengi mengine yamechangia. Tena lengo la 250 bado halijafikiwa. Lakini kila mjadala kuhusu suala hili unaanzia kwenye namba iliyowekwa mezani na wanasihi wenyewe. Mwaka 2003 chama hicho kilitoa pia mwongozo wa kitaifa unaoeleza kazi ya mnasihi wa shule ni ipi na si ipi, jambo linalomsaidia mnasihi anapokabidhiwa kazi za ukarani badala ya kuwaona wanafunzi.

Karibu na kwetu, Kenya ilitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, ambayo inaelekeza kuwapo kwa bodi ya kuwasajili na kuwasimamia watu wa fani hizo. Sheria ya namna hiyo inahitaji kuwa na watu wanaojitambua kama wanataaluma, walio na kanuni zao na wanaoweza kuulizwa maoni. Mahali ambapo wanasihi wametawanyika, kila mmoja katika shule yake, hata serikali yenye nia njema haina wa kumwita mezani.

Kuwa mwanachama si kuwa na kadi

Walimu wengi wanaohimizwa kujiunga na chama hutoa hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Wa kwanza husema ada ni mzigo. Ni kweli kwamba mshahara una makato mengi. Lakini hoja hii inapaswa kuwa swali kwa chama chenyewe: ada inatumikaje, na mwanachama wa wilayani anapata nini? Mwanachama anayeuliza swali hilo katika mkutano mkuu anakisaidia chama kuliko yule anayelalamika akiwa nje.

Wa pili husema hana muda. Hapa inafaa kukumbuka kwamba kushiriki kuna ngazi. Mtu anaweza kuanza kwa kuhudhuria kikao kimoja kwa muhula. Baadaye anaweza kuwasilisha mada fupi kuhusu jambo alilolifanya shuleni likafaulu au likashindikana. Kumpokea mnasihi mpya na kumwelekeza. Kutumikia katika kamati ya maadili au ya mafunzo. Na hatimaye kugombea uongozi. Chama hakihitaji kila mtu awe mwenyekiti. Kinahitaji kila mtu awe na kazi moja.

Wa tatu husema viongozi wa vyama hujinufaisha, au mikutano hufanyika mijini tu. Inawezekana. Tiba ya kasoro hiyo ni wanachama wengi zaidi wanaodai hesabu zisomwe, uchaguzi ufanyike kwa wakati, na vikao vizunguke wilayani. Chama kilichoachiwa watu wachache kitakuwa cha watu wachache.

Wa nne, ambaye mara nyingi ndiye mnasihi mzuri kuliko wote, husema, "Mimi nina uzoefu wa kutosha; vijana ndio wakajifunze." Huyu ndiye anayehitajika zaidi. Uzoefu wake ukibaki katika shule moja, utastaafu pamoja naye. Akiuleta katika chama, utawafikia watoto ambao hatawaona kamwe.

Mahali pa kuanzia

Kukosekana kwa tawi karibu si sababu ya kungoja. Wanasihi watano wa shule jirani wanaweza kuanza kukutana mara moja kwa mwezi kwa ridhaa ya wakuu wao wa shule na afisa elimu. Tanzania ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambamo walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika vituo vya walimu. Wanasihi wanaweza kuomba wawe na kikao chao ndani ya utaratibu huo uliokwisha kukubalika. Kikao chenye manufaa huwa na mambo manne: kesi moja inayojadiliwa bila jina wala alama ya kumtambulisha mwanafunzi, mada moja fupi ya kujifunza, orodha iliyohuishwa ya watu wa kupokea rufaa katika wilaya, pamoja na namba zao za simu, na nafasi ya kila mmoja kusema yeye mwenyewe anaendeleaje.

Tahadhari moja ni ya lazima. Makundi ya WhatsApp hurahisisha mawasiliano, lakini si mahali pa kujadili mwanafunzi. Picha ya daftari la unasihi, jina la kwanza au hata maneno "yule msichana wa bweni la pili" yanaweza kusambaa kwa dakika chache na yasirudi tena. Kundi litumike kupanga vikao na kupeana taarifa za jumla. Kesi zijadiliwe ana kwa ana.

Kikundi kikikomaa, hatua inayofuata ni kujiunga kwa pamoja na chama kikubwa zaidi cha wanasihi au wanasaikolojia, au, pale inapofaa, kuandikisha umoja wao kwa Msajili wa Vyama. Wanaojiunga wakiwa kikundi wana nafasi kubwa zaidi ya kusikika kuliko anayejiunga peke yake.

Wahudumu wa afya, wazazi na wanafunzi wanahusikaje?

Mhudumu wa afya aliye katika zahanati au hospitali ya wilaya ana sababu za moja kwa moja za kutaka wanasihi wa eneo lake wawe na umoja. Kutoa rufaa kwa mtu asiyejulikana ni kubahatisha. Kutoa rufaa kwa mtandao wa watu wenye kanuni zinazofahamika ni huduma. Hivyo, mganga mfawidhi anaweza kuwaalika wanasihi wa shule katika mafunzo ya ndani pale mada inapohusu vijana: kifafa, selimundu, kisukari, VVU, sonona, au matumizi ya dawa za kulevya. Muuguzi wa kliniki ya vijana anaweza kukubali kuwa mgeni katika kikao cha wanasihi mara moja kwa muhula. Na mhudumu anayepokea mwanafunzi aliyeletwa na mnasihi ampe majibu ya rufaa, kwa ridhaa ya mwanafunzi, ili mnasihi ajue afanye nini mtoto akirudi darasani. Rufaa isiyo na majibu humvunja moyo aliyeituma.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza. Anapokwenda shuleni anaweza kumwuliza mkuu wa shule: mnasihi wenu ni nani, amefunzwa wapi, anakutana na wanasihi wenzake, na siri za watoto zinatunzwaje? Maswali hayo yakiulizwa kwa heshima katika kikao cha wazazi humpa mkuu wa shule sababu ya kumruhusu mnasihi ahudhurie vikao vya taaluma yake, badala ya kuona kwamba anakwepa vipindi. Mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu afanye zaidi: amtafute mnasihi mapema, kabla ya tatizo kutokea, wakubaliane pamoja na mtoto nani ajue nini.

Mwanafunzi anayesoma makala haya ajue pia kwamba ana haki ya kumwuliza mnasihi, kabla hajaanza kueleza, "Nitakayosema yatabaki hapa? Ni yapi ambayo utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Mnasihi mwenye taaluma hatakasirika kwa swali hilo. Atalijibu waziwazi.

Kwa ufupi, chama cha kitaaluma si anasa ya walio mijini wala ngazi ya kupandia vyeo. Ni sehemu ya mfumo unaomwezesha mtoto kusema jambo gumu mara moja tu, kwa mtu anayejua la kufanya, na akapata msaada bila kuaibishwa. Mnasihi ambaye bado hajajiunga aanze muhula huu kwa kumtafuta mwenzake mmoja wa shule jirani na kupanga tarehe ya kikao cha kwanza. Mhudumu wa afya aliye karibu naye ampe chumba cha kukutania, ikiwa shule haina.